Hewa Iliyobaki Mtungini

Tracy Athieno alikuwa ameshazikwa, udongo wa kaburi lake kule Nabuyoga umeanza kukauka na kupasuka, na bado koo mbili hazikuwa zimekubaliana juu ya namna alivyokufa. Upande wa mume ulisema ni ajali ya majini. Upande wa kwao ulisema ameuawa. Na kwa kuwa upande wa kwao ndio uliokwenda polisi, faili lilimwangukia Inspekta Robinah Apolot, mpelelezi wa Busia upande wa Uganda, mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kuiona bahari.

Mkuu wake alimshauri asipoteze mafuta ya gari. Kifo kimetokea upande wa pili wa dunia, askari wa huko wameshaandika kuwa ni ajali, maiti imerudi, imezikwa. Kuna nini tena? Apolot alimjibu kuwa kuna watoto wawili waliozuiwa kwa bibi yao, na baba yao hathubutu kukanyaga huko kwa kuogopa kupigwa mawe. Mkuu alikuna kidevu, akamwambia basi afanye haraka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tracy alikuwa mhadhiri katika chuo cha Busitema. Mumewe, Silvano Omaido, mtu wa kabila la Wateso kutoka machimbo ya Tiira, alikuwa na duka la pampu za maji mjini Busia. Wachimbaji dhahabu wote walimjua, maana mvua zikinyesha mashimo hujaa, na mashimo yakijaa ni yeye anayekimbiliwa. Tracy alikuwa na rafiki tangu shule, Roselyn Nafula, muuguzi kutoka upande wa Kenya, aliyepata kazi katika zahanati ya hoteli ya kitalii kwenye kisiwa kimoja cha Karibi. Roselyn aliwaita waje wapumzike, wafundishwe kupiga mbizi na mitungi ya hewa mgongoni, waone samaki wa rangi ambazo huku hatuna majina yake. Walikwenda wawili. Walirudi katika ndege moja, mume kitini na mke chini kwenye shehena.

Aliyeleta mashtaka alikuwa Proscovia, dada mkubwa wa Tracy, muuza vitenge wa Tororo. Alikaa mbele ya meza ya Apolot mkoba umekumbatiwa kifuani, akazungumza bila kulia. Alieleza kuwa walipofungua jeneza ili wamvalishe marehemu gauni lake la gomesi, yeye mwenyewe aliona mdomo wa chini umechanika kwa ndani na jino la mbele limevunjika.

"Maji haivunjangi meno, Madamu," alisema.

Kisha alitoa simu yake. Usiku wa kuamkia siku ya msiba Tracy alikuwa amemtumia sauti. Apolot aliisikiliza mara kadhaa. Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. Ilisema kuwa Omaido amemwambia jambo, jambo zito, na kwamba hawezi kulisema kwa simu, atalisema akirudi. Proscovia hakuwa na shaka ni jambo gani. Tangu mazishi, watu walikuwa wamemwona Omaido akivuka mpaka kwenda kukaa na huyo Roselyn katika hoteli moja ya chakula, vichwa vimekaribiana. Mwanaume ana mwanamke mwingine, amemwambia mkewe usiku, asubuhi mke amekufa. Hesabu hiyo, alisema, hata mtoto anaiweza.

Omaido alikuwa ameandikisha maelezo mafupi. Walikuwa chini ya maji, hewa ya Tracy ikaisha, alipomfikia alikuta ameshakunywa maji, akampandisha juu akiwa amekufa. Alitia sahihi upesi upesi, kama mtu anayetaka kalamu iondoke mkononi mwake.

Apolot aliyasoma maelezo hayo na kitu kimoja kikamkwaruza. Muuza pampu ni mtu anayesoma geji za kupima presha kutwa. Akikwambia kitu kimeisha, atakwambia na namna alivyojua kimeisha. Huyu hakusema.

*

Roselyn alikuwa bado hajarudi kazini kwake. Apolot alivuka mpaka kwa miguu mchana, akamkuta katika hoteli ileile iliyosemwa, mbele ya chai iliyoshika utando. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa upole, macho yamevimba. Hakuuliza amefuatwa kwa nini. Alisema tu kuwa alikuwa akingoja mtu amwulize, na hakuna aliyemwuliza.

Apolot alianza mwanzo kabisa. Roselyn alieleza kuwa mafunzo yalianza bwawani, maji ya kifuani, mwalimu akiwashika mikono. Tracy alicheka muda wote. Omaido alikuwa kimya, lakini alifanya kila alichoambiwa. Ndipo wakachukuliwa kwa boti hadi kwenye miamba, wakashuka wanne: mwalimu na Roselyn mbele, mume na mke nyuma yao. Maji yalikuwa maangavu kama kioo cha dirisha. Mwalimu aliwaonyesha kasa, Roselyn akamtazama huyo kasa, na alipogeuka nyuma, Tracy na Omaido hawakuwepo. Aliinua macho akaona miguu yao juu kabisa, karibu na mwanga.

"Hewa ya Tracy ilikuwa imeisha saa hiyo?" Apolot aliuliza.

Roselyn alimtazama. "Nani amekuambia iliisha?"

"Mumewe."

"Haikuisha. Ni mimi nilimvua huo mtungi tukiwa kwa boti. Geji niliiangalia, mazoea ya kazi tu. Ilikuwa juu ya nusu. Na ya Omaido hivyo hivyo. Hakuna mtu aliishiwa na hewa siku hiyo, Inspekta."

Apolot alimwachia nafasi anywe chai. Kisha alimwuliza kama mtu aliye na hewa mgongoni anaweza kufa maji. Roselyn alisema Tracy hakufa maji. Daktari wa kisiwani alimweleza yeye kwa kuwa ni muuguzi: mapafu yalipasuka. Pumzi unayoivuta kule chini imebanwa na uzito wa maji, na ukipanda nayo inavimba. Ukiiachia itoke, hakuna tatizo. Ukiifungia kifuani inakupasua, hata kama umepanda kimo kidogo tu. Ndiyo sababu sheria ya kwanza kabisa wanayofundishwa ni kwamba usizuie pumzi ukipanda.

"Tracy aliijua hiyo sheria?"

"Aliikariri mpaka mwalimu akachoka naye. Hapo ndipo mimi hukwama." Roselyn alipapasa ukingo wa kikombe. "Ukiwa na kipumulio mdomoni unapumua tu, huwezi sahau. Mtu anazuia pumzi kama mdomo hauna kitu."

Apolot aliuona akilini ule mdomo uliochanika kwa ndani, na lile jino. Hakusema. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepitisha wakati, kuhusu kule kukutana kwao na Omaido. Roselyn hakukasirika. Alisema anajua watu wanavyosema, na wao waseme tu. Omaido huja, hukaa, haagizi chochote, huuliza swali moja. Ni lile lile kila mara.

"Swali gani?"

"Kama mtu akifika juu bado anaongea, angeweza kuokolewa. Mimi humwambia hapana, kwa sababu ile mashine ya hewa ya presha inayosaidia iko kisiwa kingine, na ndege ya kumpeleka hatungeipata. Anashukuru, anaenda. Halafu anarudi, anauliza tena."

"Tracy aliongea alipofika juu?"

"Hapana. Boti ikifika kwao alikuwa ashazimia. Omaido amemshika, povu la damu liko mdomoni. Hakuna mtu alimsikia akisema kitu."

Roselyn mwenyewe hakusikia alichokuwa amesema. Apolot alisikia. Mtu aliyeandikisha kuwa mkewe alikufa chini ya maji alikuwa akivuka mpaka kuuliza habari za mtu aliyefika juu akiongea.

Alipoinuka kuondoka, Roselyn alimshika mkono wa blauzi. Alisema kuwa ni yeye aliyewaita. Omaido alikuwa ametoa visingizio, mara duka, mara pasipoti, na yeye ndiye aliyempigia simu akamtania mpaka akaona haya kukataa. Apolot alimwambia kuwa hakuna aliyemshtaki kwa hilo. Roselyn alisema anajua, na akauachia mkono.

*

Kesho yake Apolot alikwenda Tiira. Katika maelezo yake Omaido alikuwa amegusia kuwa maji hayampi shida, kwamba alijifunza kuogelea utotoni mto Malaba. Jambo la namna hiyo huthibitishwa na watu waliokua pamoja na mtu.

Alimtafuta Ogwang, kiongozi wa kundi la wachimbaji, aliyekuwa amechimba na Omaido ujanani. Walisalimiana kwa Kiteso, yoga na yoga, kisha wakaingia Kiswahili kwa sababu vijana wa Ogwang walitoka kila mahali. Pampu ilikuwa ikinguruma kando ya shimo na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakimwagika mtaroni. Walisogea mbali ili wasikilizane.

Apolot aliuliza kama Omaido ni mwogeleaji mzuri.

Ogwang alifikiri ni utani. Alipoona si utani, alivua kofia. Akasema kuwa Omaido ni rafiki yake na hataki kumharibia jina, lakini mtu huyo tangu siku ile hajaingia shimo lolote, hata kavu. Hukaa juu ukingoni, akitoa maagizo ya namna ya kufunga bomba. Mvua ikishika akiwa barabarani, husimamisha gari mpaka ipite.

"Siku gani?" Apolot aliuliza.

Ilikuwa zamani, Omaido hajaoa. Alikuwa akichimba na mdogo wake aliyeitwa Eibu. Pembeni palikuwa na shimo la kale lililojaa maji na hakuna aliyejua ukuta kati yao umebaki mwembamba kiasi gani. Ukuta ulipasuka. Omaido alikuwa kwenye kamba, Eibu chini yake. Watu walivuta kamba ikawa nzito ya watu wawili, halafu ikawa nyepesi. Omaido alitoka amekunja miguu, kiatu kimoja hakipo. Eibu walimtoa baadaye, pampu zilipopatikana kutoka Tororo.

"Alikuwa ameshika mguu wa kaka yake," Ogwang alisema. "Omaido alipiga teke. Hata mimi ningepiga. Huko chini si wewe unapiga, ni mguu unapiga."

Apolot aliitazama pampu. Kisha aliuliza kama mke alijua. Ogwang alisema hakujua. Omaido aliwaomba wote wasimwambie, maana alimwoa mwanamke msomi na hakutaka amwone ni mtu wa kuogopa maji. Wao waliheshimu. Sasa alisema pengine walikosea kuheshimu.

*

Omaido alikuwa peke yake dukani, nyuma ya kaunta, pampu zimepangwa pande zote zikiwa bado na nailoni. Alikuwa mwanaume mrefu ambaye shati lilianza kumpwaya. Alimkaribisha Apolot kwa adabu, akamtolea kiti, akasimama. Apolot alimwomba arudishe mlango nusu, na yeye pia akae.

"Mitungi yote miwili ilikuwa na hewa," Apolot alisema.

Omaido alinyoosha nailoni ya pampu iliyokuwa karibu.

"Uliniandikisha kuwa ya Tracy iliisha. Wewe unasoma geji kila siku ya Mungu. Na uliandikisha kuwa alikufa huko chini. Sasa nieleze ni nani huyo unayemwuliza Roselyn habari zake, aliyefika juu akiongea."

Nje mtu alikuja kuuliza mpira wa bomba. Omaido alimwambia kwa upole arudi jioni. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo akagundua kuwa mabega hayanyooki tena.

Apolot hakumpa nafasi ya kutafuta uongo mwingine. Alimweleza alichokiona, polepole, kitu kimoja juu ya kingine. Mtu mwenye hewa mtungini hazuii pumzi ila mdomo wake uwe mtupu. Mdomo wa Tracy haukuwa mtupu kwa hiari yake, kwa sababu kipumulio hushikwa kwa meno, na jino lilivunjika, na mdomo ulichanika. Mtu alikivuta. Waliokuwa mbele walikuwa wakitazama kasa. Alibaki mtu mmoja tu. Na mtu huyo, Apolot alisema, hakuwa na sababu ya kumwua mkewe. Alikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo ilizikwa Tiira.

"Nani alikwambia habari za Eibu?"

"Mtu anayesema hata yeye angepiga lile teke."

Omaido aliweka viganja juu ya kaunta. Na hapo alieleza yote, kwa sauti ya chini, bila kukatiza.

Usiku ule wa mwisho alikuwa amemwambia Tracy habari za mdogo wake. Hakujua ni kwa nini usiku ule. Labda ni mbali na nyumbani, labda ni kwa vile bwawani alikuwa ameweza. Alimwambia habari za kamba, na habari za teke. Tracy alilia sana, akamshika kichwa kama mtoto, akasema hakuna kwenda baharini kesho, watakaa mchangani wale samaki wa kukaanga. Yeye ndiye aliyekataa. Kwa kuwa alikuwa amelisema, aliona limekwisha. Alimwambia amepona. Tracy alimwuliza mara mbili, naye akamwapia.

Chini ya maji mambo yalikuwa mazuri, alisema, mazuri kuliko alivyotegemea. Kisha miwani yake ikaingiza maji. Kidogo tu, mwalimu aliwaonyesha namna ya kuyatoa. Lakini maji yalipomgusa pua hakuwa tena kule. Alikuwa Tiira. Alifumbua mdomo apige kelele, kipumulio chake kikamtoka, akasahau kuwa kipo, kikining'inia ubavuni mwake kwenye mpira wake. Aliona kitu kimoja tu: mapovu yakitoka mdomoni mwa mtu. Pale penye mapovu palikuwa na hewa.

"Nilikivuta," alisema. "Kilikuwa kimeng'ang'ana. Nikavuta tena."

"Naye alifanya nini?"

"Hakupigana na mimi. Alikuwa na kipumulio cha akiba, kile cha njano, kinakaa hapa kifuani. Mkono wake ulikuwa unakitafuta. Lakini mimi nilikuwa nimemkumbatia, mikono yake iko ndani ya mikono yangu, na nilikuwa napiga miguu kwenda juu."

Apolot aliuliza kilichotokea juu. Omaido alisema kuwa Tracy alitoka majini macho yako wazi. Alibonyeza kile kitufe cha fulana ya Omaido ya kuelea, ikajaa upepo ikamwinua, maana Omaido mwenyewe alikuwa amekisahau hata hicho. Kisha akamwuliza kama yu mzima. Ndilo neno la mwisho. Macho yakageuka, na boti ikaja.

Omaido alisukuma kiti nyuma. Halafu akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, kama walivyofanya watu wengi mbele ya Apolot, wale waliotaka pingu na wale waliozikubali tu.

Apolot alimwambia ashushe mikono. Alimwambia kuwa sheria haina kosa la kumwandikia. Mtu aliyeshikwa na hofu chini ya maji hakuua kwa kukusudia, na hata kwa uzembe angeshtakiwa huko, si Busia, na askari wa huko wameshafunga. La kudanganya polisi lingekuwepo, lakini hakuwa na moyo nalo.

"Niandikie hata hilo," Omaido alisema.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Acom." Huyo alikuwa binti yake mkubwa. "Acom anajua kusoma. Maelezo ya polisi yanakaa. Siku moja angesoma kwamba baba alimpokonya mama pumzi mdomoni."

Apolot alifunga faili, akaliweka chini ya kwapa. Alimwambia kuwa kuna mtu anayestahili kuyasikia haya kabla ya mtoto, na kwamba gari lake lina nafasi.

*

Nyumbani kwa Nereah, mama mzazi wa Tracy, watu walitawanyika uani walipomwona aliyeshuka garini. Vijana wawili walisogea. Apolot alijiweka kati, akasema yuko kazini, nao wakabaki pale walipo. Proscovia alitoka jikoni na mikono yenye unga. Alimtazama Omaido, kisha akamtazama Apolot, akitafuta pingu asizione.

Mkwe na mama mkwe hawakai ana kwa ana. Nereah alikuwa ndani. Pazia la mlango lilishushwa, na kiti chake kikasikika kikiburutwa karibu na mlango. Omaido alisimama nje hatua chache, ameinamisha kichwa, akazungumza na pazia. Alisema yote aliyosema dukani. Alisema na la Eibu, ambalo hakulazimika. Mahali pa kipumulio sauti ilimkatika, akaanza upya kutoka mwanzo wa sentensi, kama mtu anayevuka mto akarudi nyuma kupata nguvu. Uani hapakusikika kitu isipokuwa jogoo aliyekuwa akiparua majani.

Alipomaliza, pazia lilitikisika kidogo.

"Alikuuliza kama wewe ni mzima," Nereah alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Ulimjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilikuwa nakohoa."

Kiti kililia ndani. Hakuna aliyejua kama mzee amesimama au ameegemea tu. Sauti ilipokuja tena ilikuwa imeshuka, lakini haikutetemeka. Alisema kuwa watoto ni wa baba yao na hajawahi kutaka kumnyang'anya mtu watoto. Alitaka kujua tu anampa nani. Sasa anajua. Acom amekuwa akimwuliza kila siku mama alikufaje, naye amekuwa akimwambia hajui. Kuanzia leo hawezi tena kusema hajui.

"Atakuuliza wewe," alisema. "Usimwambie hewa iliisha."

Apolot aliona kuwa kazi yake hapo imekwisha, akaelekea garini. Proscovia alimfuata. Alisimama kando ya mlango wa gari akijifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja, ingawa unga ulikuwa umeshatoka. Aliuliza kama ni kweli. Apolot alisema ni kweli. Aliuliza kama faili litafungwa. Apolot alisema litafungwa.

"Afadhali ungeniachia kwamba alimuua, Madamu," Proscovia alisema. "Hiyo nilikuwa nimeanza kuzoea."

Katika miaka yake ya kazi Apolot alikuwa amewapa watu majina ya waliowaibia na waliowaua ndugu zao, na wengi walimshukuru, hata waliokuwa wakilia. Hakuwahi kumpa mtu ukweli ambao hauna pa kuupeleka. Alisema pole. Proscovia alilikubali neno hilo kwa kichwa, kama mtu anavyopokea chenji asiyoihesabu.

Kule mlangoni Omaido alikuwa bado amesimama mbele ya pazia. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia akae. Proscovia alimtazama kwa muda. Kisha akarudi uani, akapita jikoni, akatoka na kigoda cha mti, akakivusha uwanja wote mbele ya macho ya vijana. Alikiweka chini nyuma ya Omaido, kwa kishindo, bila kumtazama usoni, akaenda zake kwenye unga wake.

Omaido aligeuka akakiona kigoda. Alikitazama, lakini hakukikalia.